Aliyekata Alama Aimbe

Jumanne, 7 Oktoba

Dada, nisamehe. Daftari hili ulinitumia mwezi wa nne pamoja na kinanda cha kuchezea cha mtoto, ukasema niandike kila siku na likijaa nikurudishie, ili ujue naishi na watu gani. Leo ni mwezi wa kumi na ndiyo kwanza nafungua ukurasa wa kwanza. Sikusahau. Nililiweka juu ya kabati ili watoto wasilifikie, nikawa na mimi silifikii. Ukiwa na mmoja mgongoni na mwingine kaning'inia kwenye sketi, juu ya kabati ni mbali kuliko huko uliko.

Uliondoka kabla sijaolewa, kwa hiyo watu wa huku unawajua kwa picha ya harusi tu. Yule mzee mrefu mwenye koti lililomfupia mikono ndiye baba mkwe wangu. Ni fundi cherehani, na fundi hajishonei. Chumba cha mbele ndicho duka lake: cherehani dirishani, meza ya kukatia, pasi, na nguo za watu zinazosubiri wenyewe wakumbuke kuzifuata. Mimi namshonea vifungo na mapindo. Jioni yeye ni mwalimu wa kwaya ya kanisa letu la mlimani. Aliianzisha na marehemu mkewe, na tangu mama aondoke, kwaya ndiyo anayozungumza nayo. Sisi wengine anatuitikia tu.

Mume wangu anaimba sauti ya nne akitoka kiwanda cha mikate. Wifi yangu anaimba sauti ya pili, na kwa ukubwa wa hiyo sauti watu wote wanamwita Kengele. Mimi nilikuwa sauti ya kwanza kabla ya huyu mdogo kuzaliwa.

Mvua imeanza leo. Nguo zote zilikuwa kambani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Katibu wa halmashauri ya makanisa alikuja mazoezini na mwavuli uliovunjika ubavu. Akasema kwaya ni nyingi na waimbaji ni wachache, kwa hiyo kutakuwa na mashindano ya kwaya nne: sisi wa mlimani, wa sokoni, wa hospitali na wa relini. Mara ya kwanza ni tarehe moja Novemba, ya kupimana tu. Mara ya pili ni mwisho wa mwezi, na hiyo ndiyo itakayoamua. Itakayoshika mkia itavunjwa, waimbaji wake wahamie kwaya ya sokoni.

Baba alikuwa anakunja futi yake, ile ya kupimia watu, ambayo haimtoki shingoni hata kanisani. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Kila kwaya inatoa jaji mmoja, na jaji hapigi alama kwaya yake. Wakanitazama mimi.

"Wifi ndiye atufae," Kengele akasema. "Kusimama hawezi, mtoto hamruhusu. Basi akae ahukumu."

Ndivyo nilivyopata ujaji, Dada. Kwa sababu ya kunyonyesha.

Jumatano, 15 Oktoba

Nepi hazikauki. Zimejaa hata juu ya cherehani. Baba kazihamisha moja moja.

Jumapili, 19 Oktoba

Leo baada ya ibada Kengele amenishika mkono akanivuta hadi nyuma ya choo cha kanisa.

"Sikiliza, wifi. Jaji wa sokoni ni yule mwalimu wa hesabu, si ndiyo? Wa hospitali ni yule mama wa duka la dawa, anayekuhesabia vidonge kama anakukopesha. Wa relini ni kinyozi. Hawa wote hawapigi alama kwaya zao. Sasa wewe fikiri. Kama huwezi kujipandisha, unafanya nini?"

"Nasikiliza wanaoimba."

"Unawashusha wengine! Wote watafanya hivyo. Ukienda na huo moyo wako wa maziwa, sisi ndio tutakaoliwa."

Nikamwambia moyo wangu wa maziwa ndio unaomlisha mpwa wake. Akacheka, lakini hakuniachia mkono.

Nyumbani mume wangu naye, akivua viatu mlangoni: "Mama watoto, hatukuambii uibe. Punguza kidogo tu. Mbili hapa, tatu pale."

Nilimwangalia Baba. Alikuwa anampima mama mmoja kiuno, na yule mama anavuta tumbo ndani mpaka macho yanamtoka. "Andika pungufu kidogo, fundi," anasema, "nitakonda." Baba akaandika alichokiona. Mama alipotoka, Baba akasema bila kugeuka:

"Futi haina shemeji. Nguo ikimbana atanilaumu mimi, si futi." Halafu akanitazama. "Kapime unachokisikia, mwanangu. Basi."

Nilifurahi, sikufichi. Katika nyumba nzima mtu mmoja alikuwa upande wangu, na ndiye mwenye kwaya.

Ijumaa, 24 Oktoba

Baba amenifundisha kukata pamba. Kitambaa kinachosinyaa kikifuliwa unakikata kikubwa, unaacha ziada. Kikishafuliwa kinakuja chenyewe kwenye kipimo. Mtoto anaota jino la pili, na hili nalo analijaribia kwangu.

Jumamosi, 1 Novemba

Dada, nimekasirika mpaka kalamu inachana karatasi.

Mashindano yalifanyika ukumbi wa sokoni, paa la bati. Sisi majaji meza moja, mbele: mwalimu wa hesabu mwenyekiti, kalamu tatu mfukoni, mama wa duka la dawa mwisho kabisa, karibu na kona wanayosimama waimbaji, kinyozi, na mimi na mtoto mapajani akitafuna kona ya karatasi yangu ya alama.

Wa sokoni waliimba vizuri. Nitasema uongo ili iweje? Waliimba kama mtu mmoja mwenye koo nne. Niliwapa zaidi ya themanini. Wa hospitali wazuri ila wanakimbia. Wa relini wana mwimbaji mmoja anayewafunika wengine, lakini wana moyo. Wote niliwapa nilichokisikia.

Zamu yetu ikafika. Kwa kuwa siwapigi alama watu wangu, nikatoka kumnyonyesha mtoto barazani. Na hapo mvua ikashuka. Haikuanza kwa manyunyu, ilishuka kama gunia la mchanga lililopasuka juu ya bati. Mimi niliyekuwa mlangoni sikusikia hata Kengele, na Kengele ukimsikia unajua. Niliona midomo inafunguka na kufunga, mikono ya Baba inapanda na kushuka, na majaji watatu wanaandika. Wanaandika, Dada! Wanaandika nini?

Alama zikasomwa. Wa kwanza sokoni. Sisi wa mwisho. Hamsini hatukufika.

Nikamfuata mwenyekiti. "Mwalimu, mmewasikiaje?"

"Tumefanya makadirio," akasema, akirudisha kalamu mfukoni.

"Makadirio ya nini? Ya vinywa?"

"Mama, tulia. Leo ilikuwa ya kupimana tu."

Nitulie. Mtoto alikuwa kaninyea mkononi, mvua inanipiga mgongo, na mtu mzima ananiambia amekadiria wimbo.

Jumapili, 2 Novemba

Kanisani hakuna aliyekaa benchi letu. Mke wa shemasi amesema, kwa sauti ya kusikika, kwamba wengine wakipewa kiti wanasahau waliowakalisha. Kengele hakuniamkia. Mume wangu amekula akitazama sahani.

"Themanini kwa sokoni," akasema mwishoni. "Themanini!"

"Waliimba."

"Na sisi tulifanya nini, tulipiga miayo?"

Hilo nami ndilo ninalouliza. Baba peke yake kasema, "Mwacheni," akarudi kwenye cherehani.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Nimefua, hazikukauka, nimezifua tena kwa harufu.

Jumamosi, 8 Novemba

Kikao cha majaji, katika kile chumba cha nyuma ya kanisa la sokoni chenye viti vilivyobebana mpaka darini. Nilikwenda nimejiapiza kwamba leo sitatulia.

Nikasema: nyumbani kwangu mtoto akija kunishtakia kwamba mwenzake kamkosea, namwambia, haya, sema mbele yake, nionyeshe alivyofanya. Akiwa mwongo anaanza kujikuna. Basi na sisi tufanye hivyo. Jaji akikata alama, asimame mbele ya kwaya ile ile, aimbe pale alipokata. Akishindwa kupaonyesha, alama zirudi.

Kinyozi akacheka mpaka akashika meza. "Mimi kuimba? Wateja wangu watahamia kwa jirani!"

"Basi sema kwa maneno. Ila useme mbele yao."

Mwenyekiti akasema jambo hilo si la kitaalamu. Katibu wa halmashauri, ambaye nadhani amechoka na malalamiko kuliko sisi sote, akasema ni sawa, liandikwe.

Nilikuwa nafunga mtoto mgongoni nitoke, mama wa duka la dawa akaniita. Ana sauti ya chini, kavu, kama anakuambia kutwa mara tatu baada ya chakula.

"Mdogo wangu, wale wawili siwasemei. Mimi nilikuwa karibu na watu wako. Niliwasikia. Wanashuka."

"Wanashuka wapi?"

"Wanaanza juu, wanamaliza chini. Wimbo mzima unateremka, nao hawajui."

Nikamwambia asante, dada, kwa ile namna ya asante ambayo si asante. Njia nzima nilimtukana moyoni. Anashuka yeye, na vidonge vyake.

Jumatano, 12 Novemba

Homa ya jino. Hatukulala, wala mimi wala yeye wala jirani.

Jumamosi, 15 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Leo mvua ilipumzika kidogo, nikawapeleka watoto mazoezini ili nianike nepi kwenye uzio wa kanisa, kule kuna upepo. Nikakaa barazani chini ya dirisha, mdogo ananyonya, mkubwa kapakata kile kinanda chako. Tangu nizae sijawahi kukaa nje ya kwaya hii nikaisikia. Kabla ya hapo siku zote nilikuwa ndani yake.

Baba akatoa sauti ya kuanzia kwa koo lake, kama kawaida. Hataki filimbi wala kinanda, anasema Mungu hakumpa mtu betri. Mkubwa, unavyomjua mtoto anavyoiga, akatafutatafuta mpaka akaipata ile sauti kwenye kinanda: ti, ti, ti. Akaniangalia kwa majivuno. Wakaimba wimbo wote, beti zote nne. Wimbo ulipokwisha, pale sauti inapotakiwa kurudi ulipoanzia, mtoto akabonyeza tena. Ti.

Haikufanana.

Akabonyeza tena, kwa nguvu. Akakitikisa. Akalia kabisa.

"Mama, kinanda cha mama mkubwa kimeharibika!"

Wakarudia wimbo. Nikakichukua mimi. Mwanzoni sawa. Ubeti wa pili sawa, kwa kulazimisha. Ubeti wa tatu, pale Baba anapopenda kufumba macho na kuwapunguzia mwendo, wote wanamfuata kama ng'ombe wanaoshuka mtoni. Mwishoni kinanda kilikuwa mahali pake na kwaya yangu mahali pengine, chini. Walikuwa wanashuka pamoja, kwa upendo, hakuna anayemwacha mwenzake. Ndiyo maana hakuna anayesikia.

Na mimi nimeimba humo miaka yote, nikishuka nao.

Mama wa duka la dawa nilimtukana kutoka sokoni mpaka nyumbani. Na sheria ya kuonyesha kosa mbele ya watu niliidai mimi, kwa mdomo wangu huu.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimemwambia mume wangu. Akasema nimechoka, masikio ya mtu asiyelala yanasikia vitu.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimemwambia Baba.

Nilingoja mteja wa mwisho atoke. Baba alikuwa anapiga pasi suruali, anainyunyizia maji kwa mdomo ingawa tuna chupa ya kunyunyizia. Nikakaa kwenye kigoda na bakuli la vifungo, nikaanza kushona ili mikono yangu iwe na la kufanya.

"Baba, nina neno."

"Sema."

"Kwaya inashuka. Tunaanza vizuri, tukifika ubeti wa tatu tunashuka, tunamaliza chini. Nimesikia Jumamosi, nikiwa nje."

Pasi ikasimama. Nikaona mvuke unapanda nikaogopa suruali ya watu.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimepima."

"Umepima kwa nini? Kwa kile cha kuchezea?"

"Ndiyo, Baba."

Akainua pasi, akaisimamisha wima. "Kwaya hii naitolea sauti tangu mumeo hajaota meno. Wamezikwa watu kwa sauti hiyo. Mama yao kazikwa kwa sauti hiyo."

Hapo nusura ninyamaze, Dada. Kifungo nilikuwa nimekishona upande wa ndani. Lakini siku zilikuwa zimebaki tisa, na ukimwonea mtu huruma leo ili aaibike mbele za watu wiki ijayo, hiyo si huruma.

"Baba, siku ile ulisema futi haina shemeji. Sasa futi hii inakupima wewe, na mimi ndiye mkweo. Ukinifukuza nitaondoka hapa kwenye kigoda, lakini kipimo hakitabadilika. Bado tuna muda. Tafuta kitu kiwashike wanapofika ubeti wa tatu. Filimbi, kinanda, chochote."

Akainama kwenye suruali yake.

"Watoto wako wanalia," akasema.

Hawakuwa wanalia.

Ijumaa, 21 Novemba

Kimya. Hata cherehani.

Jumatatu, 24 Novemba

Kengele kaja kuniambia kwamba nimemvunja moyo baba yao wakati mbaya kuliko yote. "Nyani haoni kundule," akasema, "lakini wewe umeona la baba mkwe kabla ya lako." Nikamwambia apunguze sauti, mtoto amelala. Akapunguza, akaendelea.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua imekata. Jua lenyewe, linawaka hadi unalionea haya. Nepi zote zimekauka kabla ya saa sita.

Mkubwa analia kinanda hakilii tena. Nimemgombeza kwamba amekiacha kikiwaka mpaka betri zikafa. Kakataa katakata. Nimemwambia uongo si mzuri.

Baba amemaliza kushona mashati ya kwaya, kola nyeupe. Shati la mume wangu, la wote. Kaniwekea na mimi langu mezani, dogo kifuani. Hakuyajua mabadiliko ya kunyonyesha. Au hakutaka kunipima.

Jumamosi, 29 Novemba

Nitaandika yote leo hata mtoto akitaka nini.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, maana habari ya majaji kuimba ilikuwa imeenea kama habari ya harusi. Hapakuwa na mvua. Safari hii hakuna aliyekuwa na pa kujifichia.

Kila kwaya iliimba, kisha majaji wakasimama. Nami nilisimama, mtoto kiunoni. Wa hospitali niliwaimbia pale wanapokimbia, mwalimu wao akauma mdomo, halafu akatikisa kichwa kukubali. Wa sokoni niliwakata alama chache, na pale nilipowaimbia hata wao walicheka, kwa sababu walipajua.

Sisi tukawa wa mwisho kuimba. Nikahama meza, nikakaa benchi la kwanza. Kinanda cha ukumbi kilikuwa pembeni, hakuna aliyekigusa. Baba akasimama mbele yao na koti lake fupi, akafunga macho, akatoa sauti.

Ilikuwa juu, Dada. Si kidogo. Niliona macho ya Kengele yanatoka. Sauti ya kwanza walipanda kama watu wanaofikia kitu juu ya kabati. Nikafikiri, kakosea, kaingiwa na hofu. Wakaimba. Ubeti wa tatu wakateremka kama kawaida yao, na wa nne wakatua taratibu, na sauti ya mwisho, naapa, ilikuwa pale pale inapotakiwa wimbo uwe. Baba akafumbua macho, akanitazama mimi. Aling'aa uso kama mtoto aliyeleta maji bila kumwaga.

Ndipo nikaelewa. Aliniamini. Alikuwa ameniamini tangu siku ile, ila dawa aliyoijua ni ya kitambaa: kinachosinyaa, kikate kikubwa. Alianza juu ili wakishuka wafike.

Mwenyekiti akasimama kwanza. "Kwa ujumla," akasema, "sauti hazikuwa na uwiano."

"Imba, Mwalimu!" watu wakapiga kelele. "Imba hapo!"

Akaimba. Sijui aliimba nini, ila hakikuwa kitu chochote kilichomo kwenye wimbo wetu. Mtoto wangu aliyekuwa anasinzia aliamka. Ukumbi ulicheka mpaka vumbi likatoka, na alama zake zikarudi, naye akakaa akitafuta kalamu zake. Kinyozi akasema sauti ya nne inameza maneno, na hiyo ni kweli, mume wangu humeza hata salamu.

Kisha mama wa duka la dawa. Hakucheka na hakuna aliyemcheka. Aliimba mstari wetu wa kwanza pale tulipouanzia. Akaimba mstari wa mwisho pale tulipoumalizia. Basi.

Hata mtoto angejua kwamba ni nyumba moja yenye sakafu mbili.

Kengele akafungua mdomo, nami nikajua kinachokuja. Lakini Baba aliinua mkono.

"Ni kweli," akasema. "Niliacha ziada." Akakunja futi yake. "Wimbo haufuliwi."

Watu wachache walicheka, hawakujua kama inafaa. Alama zikasomwa. Sokoni wa kwanza. Sisi wa nne, nyuma ya relini, kwa tofauti ndogo kama upana wa utepe.

Natamani, Dada, natamani sana kuwa na mtu wa kumlaumu. Mara ya kwanza tulionewa na alama hazikuhesabiwa. Mara hii tumetendewa haki, na zimehesabiwa. Nimetafuta pa kukasirikia siku nzima, nikapakosa, na hiyo ndiyo imenichosha kuliko mvua yote.

Jumapili, 30 Novemba

Kanisani kwetu leo hakuna kwaya. Watu waliimba wenyewe, kila mtu na wake.

Jumatano, 3 Desemba

Kengele na mume wangu wamekwenda mazoezini sokoni. Wamerudi. Nikauliza vipi. "Wana kinanda," mume wangu akasema. "Ukishuka kinakuambia hapo hapo." Kisha, akivua kiatu cha pili: "Ulikuwa unasikia vizuri, mama watoto."

Kengele alisimama mlangoni. "Na mimi niseme?"

"Usiseme, wifi. Ukisema mtaa mzima utajua."

Akacheka. Mtoto akaamka. Nilimkabidhi yeye ambembeleze.

Jumamosi, 6 Desemba

Leo asubuhi Baba kaniita dukani. Alikuwa na kinanda cha mtoto mezani, katikati ya chaki na mkasi, kakifungua mgongo.

"Usimgombeze tena mtoto," akasema. "Betri nimezimaliza mimi. Nilikuwa napima tunashuka kiasi gani, nijue niache ziada kiasi gani." Akafunga kifuniko, akakifungua tena. "Ningekusikiliza mpaka mwisho, ungeniambia nisiache."

"Ningekuambia, Baba."

"Ndiyo."

Akavuta kigoda kwa mguu, nikakaa. Akasema wazee kadhaa wa kwaya yetu hawawezi kwenda sokoni, ni mbali kwa miguu yao. Akasema halmashauri imekataza tusiimbe Jumapili kama kwaya.

"Hawakusema tusifanye mazoezi," akasema.

Kisha akaniuliza, "Yule dada yako aliyeleta kinanda, bado anaandikiwa barua?" Nikamwambia ninamwandikia kila siku. Hiyo nayo ni ziada kidogo, nisamehe. Akanitajia anachotaka, akageukia cherehani haraka ili nisimwone uso.

Kwa hiyo daftari nalituma kesho kabla halijajaa, maana haya hayawezi kungoja. Tunahitaji:

Betri za kinanda, nne, zile nyembamba. Tuma nane, mtoto na babu yake hawataweza kuchangia.

Filimbi ndogo ya kutolea sauti, ile ya mviringo yenye sauti zote. Ya kweli, si ya kuchezea. Waambie dukani ni ya mwalimu wa kwaya.

Dawa ya ufizi. Huku ipo kwa yule mama, lakini bado naona haya kuingia. Ukiipata tuma, usipoipata nitakwenda.

Nepi nane.

Daftari jingine.

Na kitambaa cha koti, cha kijivu, cha mtu mrefu. Usitume pamba. Kipimo cha mikono nimekiambatanisha, nimekichukua mwenyewe leo, akiwa amesimama wima kimya kama mteja, na sikuongeza kitu.